Feni Haichagui Hewa

Watu wengi hudhani feni huleta baridi. Hata mimi nilidhani hivyo nilipoanza kazi, na tayari nilikuwa mama wa watoto wawili. Feni haileti chochote. Inatoa hewa upande huu na kuipeleka upande ule, basi. Kama hewa uliyoipa ni ya moto, itakupulizia moto. Kama inanuka, itakuletea harufu hadi puani, tena kwa bidii.

Ninyi vijana mnaofunga feni kwenye mahema siku hizi mna urahisi ambao sisi hatukuujua. Mna betri za kubeba kwa mkono mmoja, mna paneli za sola zinazokunjwa kama gazeti, mna feni zinazotumia waya uleule wa kuchaji simu. Juzi pale stendi ya Kawangware 56 nimeona moja ina taa na redio ndani. Sina wivu. Lakini mkiniona nimesimama kando ya hema lililofungwa zipu, nimeinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza siri za wenyewe, msinicheke. Nasikiliza kama kuna mtu anayeongea ndani. Nimestaafu na hofu hiyo, na leo nataka kuwaeleza ilikotoka.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Gathogo. Alizaliwa hapohapo Kawangware, shamba la baba yake ndilo lililogeuka plot za kupangisha, na nyuma ya hardware moja alikuwa na stoo ya mahema ya kukodisha. Yalikuwepo makubwa ya harusi na matanga, na yale madogo ya kupiga kambi, ya watu wanne au sita, ambayo shule na makanisa walipenda kuyachukua. Mimi nilikuwa nimetoka Busia, nimepanga chumba mtaa wa Kongo, hapohapo Kawangware, na kazi yangu ya kwanza kwake ilikuwa kufua mahema. Kama hujawahi kufua hema lililotoka kwenye matanga ya siku nne za mvua, usiniambie habari za kazi ngumu.

Siku moja alinikuta nimefungua feni iliyokufa, nikiisugua vumbi kwa mswaki wa zamani.

"Nani amekufundisha hiyo?" akauliza.

"Hakuna, mzee."

"Basi Nafula, weka chini kwanza. Hii kitu inaua."

Akanionyesha mkono wake wa kushoto. Vidole viwili havikukunjika. Ujanani alikuwa ameunganisha nyaya kwenye uwanja uliolowa, akaacha kiungo kimoja kwenye majani, maji yakakifikia. Alirushwa kama gunia. Tangu siku hiyo, mzee huyu aliogopa maji kuliko alivyomwogopa shetani, na hofu hiyo akanirithisha mimi. Wingu likitokea upande wa Ngong, sote wawili tulikuwa tunainua nyaya juu ya vijiti kabla hata ya watu kuanua nguo. "Stima na maji wakikutana," alikuwa akisema, "anayezikwa ni wewe."

Alinifundisha vizuri, sitamnyima haki yake. Hema dogo ni kama sufuria yenye kifuniko, hewa ya moto hupanda na kukaa juu. Kwa hiyo feni ya kwanza ifunge juu, karibu na kile kidirisha cha wavu, itazame nje ili itoe joto. Ya pili ifunge chini, upande wa nyuma wenye kivuli, iingize hewa ya ardhini. Ukiwa na feni moja tu, funga ya juu, na uache zipu ya chini wazi kiasi cha mkono. Usiitundike kwenye kitambaa chenyewe, kitachanika. Tafuta mahali nguzo mbili zinapokutana, ufunge na kipande cha tyubu ya baiskeli, maana tyubu humeza mtetemo, na watu hawatalalamika kwamba wamelala ndani ya mashine ya kusaga. Waya usipite mlangoni watu wanapokanyaga. Fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na feni, kwa sababu waya ukiumia katikati ni betri itakayouchoma.

Wakati huo tulitumia betri za gari. Uzito wake niliubeba kwa kiuno, na hadi leo kiuno hicho kinanikumbusha kila nikiinuka. Na zile feni za zamani, ukigeuza nyaya, nyekundu mahali pa nyeusi, zilizunguka kinyumenyume bila kukuambia. Kwa hiyo tulipima kwa karatasi ya chooni. Unashika kipande chake nje ya hema, mbele ya feni. Ikivutwa, inaingiza. Ikisukumwa, inatoa. Hata kama feni yako ni ya juzi, bado fanya hivyo.

Sasa kuna kisa kimoja ambacho kilitufanya tucheke sana. Tulifungia kwaya ya vijana feni katika hema lao la kubadilishia nguo, kwenye uwanja mmoja Kibera. Nikachagua upande wenye kivuli kama nilivyofundishwa. Kivuli chenyewe kilikuwa cha vyoo. Nusu saa baadaye wasichana wa sauti ya kwanza wakatoka wote wamejifunika pua kwa vitambaa, na mwalimu wao akanijia taratibu.

"Mama, asante," akasema. "Sasa hata tukifunga macho tunajua choo kiko wapi."

Gathogo alicheka hadi akakalia betri. Mimi pia nilicheka, nikahamisha feni, nikasahau. Jambo lenyewe nilikuwa nimeonyeshwa waziwazi, tena bila mtu kuumia. Sikuliona.

Siku ninayotaka kuwaeleza ilikuwa ya kambi ya matibabu ya bure, kwenye uwanja usio mbali na yale maghorofa ya Soweto East, hukohuko Kibera. Ilikuwa ule msimu wa joto kali unaotangulia mvua ndefu, mabati ya Kibera yakilia yenyewe kwa kutanuka. Walioandaa walitaka mahema makubwa matatu ya madaktari, na hema moja dogo la watu sita, liwekwe kando, akina mama wenye watoto wachanga wapumzike na kunyonyesha. Hilo dogo ndilo lililokuwa langu. Nilifunga feni mbili kama kawaida, ya juu ikitoa, ya chini nyuma ikiingiza. Nikapima kwa karatasi. Zilifanya kazi vizuri sana.

Kulikuwa na akina mama watatu ndani, kila mmoja na mtoto wake. Nilizungumza na mmoja tu, msichana mwembamba aitwaye Adhiambo, na mtoto wake wa miezi minne, Hawi.

"Mathe, hii feni inasaidia," akaniambia. "Mtoi hajalala tangu jana juu ya joto."

"Mlaze upande wa nyuma," nikamwambia. "Hapo ndipo upepo unaingia."

Ni mimi niliyemwambia amlaze pale.

Karibu na adhuhuri betri ikaanza kuchoka. Jana yake stima ilipotea Kawangware na betri haikuwa imejaa. Kwa hiyo nikawasha jenereta letu dogo la petroli, nikaliweka mbali kabisa na hema, nikavuta waya hadi kwenye chaja ya betri. Feni zikapata nguvu upya. Hadi hapo sikuwa nimekosea chochote.

Kisha wingu likafunga. Mvua ya msimu ule hushuka bila kubisha hodi. Matone ya kwanza yalipogusa shingo yangu, sikufikiri kabisa. Niliona mkono wa Gathogo, vile vidole viwili. Niliona waya kwenye maji. Nikakimbilia jenereta likiwa bado linanguruma, nikaliinua na nyaya zake, nikalipeleka mahali pakavu palipokuwa karibu zaidi. Palikuwa nyuma ya hema dogo, chini ya lile turubai la juu linalotokeza kama kibaraza. Nikaweka tofali chini yake lisiguse maji. Nikainua kiungo cha waya, nikakifunga plastiki. Nilijipongeza moyoni. Nilisema, leo mzee ataona mwanafunzi wake.

Tundu la feni ya chini lilikuwa hatua moja kutoka mahali jenereta lilipokuwa likitoa moshi.

Mvua ilikuwa ya kulala, ikipiga kutoka mbele, kwa hiyo akina mama walifunga zipu ya mlango. Nani angewalaumu. Mimi nikaitwa kwenda kushika nguzo za hema kubwa, ambalo upepo ulitaka kulibeba. Tulining'inia pale, mimi na Gathogo na wanaume wengine wawili, kwa muda wa mvua yote. Labda nusu saa. Labda chini yake.

Ilipokatika, nilirudi nikipangusa uso. Nilisikia jenereta linanguruma, nikasikia feni zote mbili zinazunguka, na nikafurahi. Nilisimama mlangoni nikasema, "Haya, mama watoto, mvua imeisha, fungueni."

Hakuna aliyejibu. Nilidhani wanalala, kwa kuwa mvua huleta usingizi. Nikaita tena. Kilichonishika si kwamba akina mama walikuwa kimya. Ni watoto. Watoto watatu ndani ya hema moja, wamefungiwa nusu saa, na hakuna hata mmoja anayelalamika. Nyinyi ambao bado hamjalea mtajua siku moja kwamba jambo hilo halipo duniani.

Nilivuta zipu. Hewa iliyotoka ilikuwa na harufu ya petroli iliyoungua, nayo ikanigonga hapa kwenye paji la uso kama nyundo. Mmoja alikuwa amejaribu kufika mlangoni. Mkono wake ulikuwa karibu na zipu, na alikuwa ametapika. Wengine wawili walikuwa wamelala ubavu, wamezungusha mikono kwa watoto wao. Adhiambo alikuwa nyuma kabisa.

Sikumbuki niliita nani. Nakumbuka miguu ya Adhiambo mikononi mwangu, nikimvuta juu ya majani yaliyolowa, nguo yake ikipanda, na mimi nikijaribu kuishusha huku navuta, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa na haraka. Gathogo alitoka na watoto wawili, mmoja kila mkono. Mtu akamleta Hawi. Alikuwa amelegea kama kitambaa.

Wauguzi walikuja mbio. Sista mmoja, mama wa makamo mwenye sauti tulivu, alipiga magoti, akawawekea kile kidude cha kidoleni kinachopima hewa ya mwilini. Akakitazama, akatikisa kichwa.

"Hewa iko sawa," akasema. "Ni joto hili. Wamefungiwa, wakazimia. Waleteeni maji. Na hiyo feni, igeuzeni iwapulizie hapa."

Niliambiwa baadaye, hospitalini, kwamba moshi wa injini hudanganya kile kidude. Sumu yake hukaa kwenye damu mahali pa hewa safi, na kidude hakijui tofauti, kinaona kila kitu kiko salama. Sista hakukosea kwa uzembe. Alikuwa upande wa mbele, jenereta lilikuwa nyuma, na katika zile mbio Gathogo alikuwa ameshalizima. Kelele ilikuwa imeisha. Harufu nayo ilikuwa imepeperushwa na upepo. Waliojua walikuwa watu wawili tu.

Nilihisi mkono wa Gathogo ukinishika juu ya kiwiko, ule wa vidole viwili vilivyokakamaa.

"Nyamaza," akasema kwa sauti ya chini. "Ni joto. Sista amesema ni joto."

Msifikiri alikuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenipa kazi nikiwa sina lolote. Alilipia mwanangu kitanda cha hospitali mwaka mmoja kabla ya hapo na hakuwahi kukitaja. Nilipomtazama usoni niliona ameogopa kuliko mimi. Aliona watu wa Kibera wanaanza kukusanyika, aliona vile umati ungeweza kugeuka, aliona jela, aliona mahema yake yanachomwa. Mimi pia niliyaona hayo yote. Niliwaona wanangu wawili wakirudi kutoka shule Kongo, wakikuta mlango una kufuli.

Nilinyamaza. Kisha nikasema.

"Sista, si joto. Ni moshi. Niliweka jenereta nyuma ya hema, na feni imekuwa ikiwaingizia moshi wote."

Sista aligeuka akanitazama mara moja tu. Alipiga kelele apewe oksijeni, na wale waliokuwa wakileta maji wakageukia gari la wagonjwa. Kulikuwa na mtungi mmoja. Alianza na Hawi, kinyago kikubwa kikifunika uso mzima wa mtoto, akihesabu pumzi kwa sauti. Wengine wakazungushiwa kinyago kwa zamu. Mama aliyekuwa karibu na mlango alifungua macho kwanza, akauliza mtoto wake yuko wapi. Adhiambo alitapika, akalia bila sauti. Hawi hakufanya chochote. Gari likaondoka nao wote, naye akiwa hivyohivyo.

Umati haukunigusa. Nilikuwa nimekaa chini kwenye matope, na labda waliona hakuna cha kuongeza. Mwanamume mmoja alisimama mbele yangu kwa muda, kisha akasema, "Huyu ndiye amesema ukweli, muacheni," akaenda zake. Sijawahi kujua jina lake.

Nilikaa nje ya hospitali waliyopelekwa hadi jioni. Nitawaambia hofu ile ilivyokuwa, kwa sababu watu husema moyo unadunda. Wangu haukudunda. Kila kitu ndani yangu kilitulia, kama ndani ya hema lile. Kila mlango ulipofunguka nilitazama viatu vya anayetoka, si uso. Jua lilipokuwa linashuka sista yuleyule alitoka, akakaa kando yangu kwenye benchi.

"Amelia," akasema. "Watoto wote watatu wanalia sasa. Huyo mdogo amelia wa mwisho."

Akaniambia pia kwamba daktari alisema, kama wangeendelea kumtibu joto, Hawi asingefika jioni. Sikujua kama alisema hivyo kunifariji au kuniadhibu. Pengine alikuwa anasema tu.

Gathogo hakuniongelesha kwa wiki tatu. Nilidhani amenifuta kazi, lakini hakusema niondoke, nami nikaendelea kufika. Nilifua mahema, sikugusa waya. Asubuhi moja nikamkuta stoo, amechuchumaa, anafunga kamba nyekundu kwenye mpini wa jenereta kwa mkono wake mzuri. Alikuwa ameipima hatua ishirini. Hakunitazama.

"Kabla ya kuwasha," akasema, "mwisho wa kamba hii ushikwe na mtu aliyesimama mlangoni mwa hema, na ikazwe hadi mwisho. Mvua ikinyesha, jenereta linazimwa. Watu watoke jasho. Jasho haliui mtu kwa nusu saa."

Hatukulizungumzia jambo hilo tena hadi alipofariki. Kamba ile tuliitumia hadi zilipokuja betri mpya na sola, na mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea mnunuzi wa vyuma chakavu lile jenereta. Lakini msidhani betri zenu zimeondoa hatari. Mtu ataweka jiko la makaa kando ya feni yenu. Mtu ataegesha pikipiki inayonguruma karibu na tundu. Kila nilipofunga feni, kabla sijaruhusu mtu kuingia, nilikuwa nikiingia mwenyewe, nafunga zipu, nakaa. Wenye hema walinicheka, wakiniuliza kama nimekuja kufanya kazi au kulala. Nilikaa tu, nikinusa, nikipima kichwa changu kama kinauma. Fanyeni hivyo. Ikiwa wewe mwenyewe huwezi kukaa ndani, usimkaribishe mtu.

Mwezi mmoja hivi baada ya siku ile, nilikwenda kumtafuta Adhiambo. Alikuwa akiishi Kibera, chumba kimoja kilichokuwa na pazia katikati. Nilibeba mkate na maziwa. Nilitarajia matusi, na nilikuwa nimejiandaa kuyapokea yote. Hakunitukana. Aliniambia niketi, akawasha stovu, akaweka chai, akanipa Hawi nimshike huku akipanga vikombe. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyomkumbuka. Alishika kifungo cha sweta yangu, akajaribu kukila.

"Mathe," Adhiambo akasema bila kugeuka, "yule mzee alikuambia unyamaze?"

"Nani amekuambia?"

"Watu waliona amekushika mkono."

"Ndiyo. Aliniambia."

"Na ukanyamaza?"

Ningeweza kusema hapana. Hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyejua. Gathogo mwenyewe asingekumbuka.

"Nilinyamaza kidogo."

Aligeuka. "Kidogo ni kiasi gani?"

Sikuwa na saa siku ile, lakini nilijua kiasi chenyewe, na bado nakijua.

"Sista alimvua Hawi soksi moja," nikasema. "Akamvua ya pili. Akalowesha kitambaa, akampangusa miguu yote miwili. Muda huo wote nilikuwa nimesimama pale, na nilikuwa kimya."

Adhiambo alitazama miguu ya mtoto wake, iliyokuwa ikining'inia mapajani mwangu. Kisha akainama, akamchukua Hawi kutoka kwangu, si kwa nguvu, akamlaza kitandani, akakaa kati yangu na mtoto.

Chai ilipochemka, akanimiminia kikombe, akakijaza, akakisukuma upande wangu.